Niwekee Changu

Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini hao hawakumjua Fundi. Yeye alijishonea mwenyewe, alimshonea mumewe mpaka siku alipozikwa, na mtoto wake hakuwahi kutoka mlango ule na upindo uliolegea. Ndiyo maana Jumapili ile sketi ya shule ya Kengele ilipoanza tena kumzunguka kiunoni, Fundi hakuuliza kitu. Alivuta stuli katikati ya chumba cha mbele, chumba cha kazi, akajaza pini mdomoni, akamwonyesha kwa kidole apande.

"Simama wima," alisema kwa pembe ya mdomo.

"Nimesimama, mama."

"Umejikunja. Unaona baridi?"

"Kidogo."

Jua la saa nane lilikuwa limejaa chumba kizima, na Fundi mwenyewe alikuwa akijifuta jasho kwa mkono wa gauni. Alisikia neno "kidogo", akaliacha lipite. Mtu mwenye pini kumi mdomoni hana nafasi ya maswali, na Fundi siku hizi alipenda kazi za pini.

Kengele lilikuwa jina la utani alilopewa na baba yake, seremala, kwa sababu alipokuwa mdogo akicheka, jirani wa nyumba ya tatu alijua. Sasa alikuwa na miaka kumi na sita, na hata jirani wa ukuta mmoja hakusikia kitu. Baba alikuwa na miezi minane kaburini. Hii ilikuwa mara ya nne sketi kupunguzwa.

Fundi alikuwa na mwiko mmoja katika kazi yake: nguo ya mtoto haikatwi. Inakunjwa kwa ndani na kushonwa juu, maana mwili hubadilika, na kitambaa kikishakatwa hakirudi. Basi alikunja, akapiga pini, akapitisha cherehani, akapiga pasi. Kisha akafungua daftari la vipimo, ukurasa wa Kengele, akaandika tarehe na kipimo kipya chini ya kile cha zamani. Aliandika bila kusoma cha juu. Kazi ni kazi.

Hapo ndipo alipoingia Mama Haraka, mteja ambaye kila kitu alikitaka jana. Mdogo wake alikuwa anaolewa mwisho wa mwezi, na kitambaa cha gauni lake kilikuwa kimekunjwa juu ya rafu kikisubiri zamu.

"Fundi, sikai, nina haraka," alisema, akakaa. Mara akamwona Kengele. "Hee! Huyu ndiye? Mwili wa kwenye magazeti huu! Unakula nini, mwanangu, na sisi wenzio tule?"

"Nakula kawaida, mama."

"Kawaida yako naitaka. Na hiyo sketi ilivyokaa! Utadhani amezaliwa nayo."

Na Fundi, Mungu amsamehe, aliona fahari.

*

Chumba cha ndani kulikuwa na meza aliyoitengeneza seremala kwa mkono wake, na stuli tatu. Tangu msiba hakuna aliyekaa pale. Kukaa kulimaanisha kuangalia stuli ya tatu, na Fundi hakuwa na ubavu huo. Alikula akiwa amesimama jikoni, kijiko sufuriani, macho dirishani. Kengele alichukua sahani yake akaenda nayo chumba cha kazi.

"Nakulia huku nikisoma."

"Haya. Usimwage kwenye vitambaa vya watu."

Sahani ilirudi kila mara ikiwa nyeupe, imeoshwa na kufutwa. Mama gani ataona sahani tupu akafikiri mtoto hajala? Fundi aliiona, akashukuru, akarudi kwenye cherehani. Kulikuwa na sare za shule ya jirani, mapazia, zipu za watu. Aliyefiwa na mume hupewa pole siku arobaini. Baada ya hapo anaulizwa nguo itakuwa tayari lini.

Kisha wakaja sisimizi. Walitoka chini ya mlango, wakapita mguu wa cherehani, wakaelekea kona ya nyuma ambako Fundi aliweka gunia la vipande, yale makato ya vitambaa yasiyofaa kushona kitu. Fundi alifagia, akamwaga mafuta ya taa, wakarudi. Wiki iliyofuata akakuta doa la mchuzi, kubwa kama kiganja, kwenye kitambaa cha Mama Haraka, kilichokuwa kimeanguka kutoka rafuni juu ya gunia.

Wacha wee! Mama Haraka alikishika kitambaa chake juu, akakigeuza kuelekea mlangoni ili wapita njia nao wafaidi.

"Fundi, mimi nimekuletea kitambaa cha gauni au cha mezani?"

"Ni panya, dada yangu. Nimeona nyayo zao. Nitakifua, na kama hakikutoka nitakununulia kingine."

"Panya wanakula mchuzi siku hizi? Panya wako wana sahani?"

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walicheka. Fundi naye alicheka nao, maana asiyecheka hapo analia. Alipofunga kazi alikwenda dukani akanunua mtego, ule wa chuma wa kufyatuka, akautega nyuma ya gunia. Kengele alisimama mlangoni akimtazama.

"Mama, kwani lazima pale?"

"Pale ndipo wanapopita. Wewe usiguse, utakukata kidole."

Kengele alilitazama gunia, akarudi ndani.

*

Simu ya mwalimu ilikuja Jumatano asubuhi. Kengele alikuwa ameanguka mstarini, wanafunzi wakiwa wamesimama kusikiliza matangazo. Fundi alitoka na tepu ya kupimia shingoni, akafika nayo hospitali, na hakuna aliyemwambia.

Kwenye benchi la kusubiri alimkuta shangazi mtu, dada wa marehemu, aliyekuwa akiuza vitabu na kalamu karibu na shule, ndiyo maana akafika kabla yake. Alikuwa mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na mlango. Kengele alikuwa ndani anapimwa. Watu ishirini walikuwa kwenye foleni.

"Wifi," alisema shangazi, na sauti ilifika mpaka dirisha la dawa, "mimi nauliza tu. Mtoto wa kaka yangu anakula nini nyumbani kwako?"

"Anakula, wifi. Punguza sauti."

"Nipunguze nini? Nimembeba mimi kutoka getini! Nimebeba kuni! Kaka yangu alipokuwa hai chakula hakikuwa shida nyumba ile. Kaka yangu alikuwa anapakuliwa sahani ya watu wawili, kwa macho yangu nimeona. Leo amekufa, mwanawe anaanguka kwa njaa?"

Mzee mmoja kwenye foleni akageuza shingo. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akamwangalia Fundi kuanzia viatu mpaka kichwani, akasonya taratibu. Fundi alitaka ardhi ipasuke. Alikuwa na jibu, alikuwa na sahani zote zile nyeupe za ushahidi. Bahati nesi akaita.

Daktari alikuwa binti mdogo kwa umri, mwenye miwani na uchovu. Kengele alikuwa amelala kitandani na dripu mkononi, amevuliwa sare, amevalishwa shuka la hospitali. Na hapo, bila sketi iliyokaa vizuri, bila blauzi iliyobanwa mgongoni kwa ustadi, Fundi alimwona mtoto wake. Mabega. Mifupa ya kifua. Mkono ambao angeweza kuuzungushia vidole viwili vikakutana. Alishika ukingo wa kitanda.

"Tangu lini amekonda hivi, mama?" aliuliza daktari.

"Si muda mrefu. Ni ghafla tu."

"Haiwezi kuwa ghafla." Daktari aliinua ile sketi kutoka kwenye kiti, akaigeuza ndani nje. "Nimekuwa nikijiuliza kitu. Mtu akipungua kiasi hiki, nguo humning'inia. Walimu huona, majirani huona. Huyu nguo zake zote zimemkaa sawasawa. Nani anamshonea?"

Mishono ilikuwa pale, minne, mmoja ndani ya mwingine, imenyooka kwa rula. Shangazi, aliyekuwa amejipenyeza mlangoni, aliitazama, akaihesabu kwa kidole.

"Mimi," alisema Fundi.

Alijua alipokuwa akilitamka kwamba nyumbani, kwenye daftari, tarehe zote zipo. Inchi moja. Inchi moja. Nusu. Inchi moja tena. Kwa mwandiko wake mwenyewe. Ulimwengu mzima ulikuwa haujaona kwa sababu yeye aliuzibia macho, na kazi yenyewe alikuwa ameifanya vizuri.

Daktari hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alivuta kiti, akasema polepole. "Huu ni ugonjwa, mama. Si deko, si ukaidi, wala si kutaka kupendeza tu kama watu wanavyodhani. Huwapata vijana wengi, na mara nyingine huja nyuma ya msiba. Mwili ukikosa chakula huanza kujila wenyewe. Moyo nao ni nyama. Wa kwake unapiga taratibu kuliko ninavyotaka. Leo jioni nitawaruhusu, lakini kila wiki mtamleta. Akiendelea kushuka nitamlaza, na siwezi kukuahidi kwamba tutakuwa tumewahi."

Moyo. Mume wake alikuwa amekufa kwa moyo kusimama, mchana, usingizini. Fundi alishika tepu shingoni akaivuta ncha zote mbili.

"Nifanye nini?"

"Ale mezani, mbele yenu, kwa saa zilezile. Msimpigie kelele, msimhonge. Kaeni naye tu mpaka amalize, hata ikichukua saa nzima. Na kuna mshauri hapa kila Alhamisi, azungumze naye. Kuna kitu kinamzuia huyu. Mimi amekataa kuniambia."

*

Walirudi jua likiwa bado halijazama. Shangazi alikuja nao bila kualikwa, akafunga kanga kiunoni, akaanza kufagia chumba cha kazi, maana mtu mwenye hatia ya mdomo hulipa kwa mikono.

"Hawa sisimizi wanakwenda wapi hawa?" alinung'unika, akaingiza mguu nyuma ya gunia.

Mtego ukafyatuka. Chuma kilikamata pindo la gauni lake, naye akaruka na ukelele ambao ungewafukuza panya wa mtaa mzima, kama wangekuwepo. Alivuta gauni, gauni likavuta mtego, mtego ukavuta gunia, na gunia likaanguka na kumwaga vilivyomo.

Fundi alikuwa karibu kucheka. Kisha akaona.

Katikati ya makato kulikuwa na vifurushi. Vidogo, vya ukubwa wa ngumi, kila kimoja kimefungwa kwa kipande cha kitambaa na uzi, mafundo mawili, kama Fundi alivyomfundisha mwanawe alipokuwa na miaka saba. Aliinama akafungua kimoja. Wali, umekauka. Kingine, mkate wenye ukungu. Kingine maharage yaliyogeuka mawe. Vilikuwa vingi, vya juu vibichi, vikivuja mchuzi, vya chini vyepesi havina hata harufu tena.

"Chakula!" alisema shangazi. "Watoto wa watu wanalala njaa, wewe unatupa…"

"Situpi." Kengele alikuwa ameegemea fremu ya mlango, plasta ya dripu ingali mkononi. "Shangazi, situpi. Namwekea baba."

Huko nje mtu alipita akipiga mluzi.

"Siku ile," alisema Kengele, akimwangalia mama yake tu, "wewe ulikuwa umepeleka nguo kwa mteja. Baba akarudi kutoka karakana mapema, akasema amechoka. Akasema, 'Nalala kidogo. Niwekee changu.' Ulikuwa umeacha sahani mbili zimefunikwa. Nikala yangu. Nilikuwa bado na njaa. Nikafunua yake nikachukua kidogo pembeni, nikasawazisha isijulikane. Nikachukua tena. Mwisho nikaona haisawazishiki, nikamaliza."

"Kengele…"

"Ngoja, mama. Nikaosha sahani. Nikakaa nafikiria nitamwambia nini akiamka. Na hakuamka, na mimi nikafurahi. Nilifurahi, mama. Nikasema, alale, alale tu mpaka mama arudi na kitu. Saa nzima nilikaa nafurahi. Kama ningemwekea ningekwenda kumwamsha ale. Ningemkuta." Alijipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Sasa nikiweka kitu mdomoni nasikia ni chake. Ndiyo namwekea. Sijui hata naweka mpaka lini."

Fundi alitaka kusema si kosa lako, na aliona jinsi maneno hayo yalivyo mepesi. Wangapi wameyasema msibani, kwa mdomo uliojaa chai? Alikaa chini sakafuni, pale pale kati ya vifurushi. Na hapo likamjia neno alilolisikia asubuhi, neno lililomtia aibu mbele ya foleni.

"Wifi. Kule hospitali ulisema nini kuhusu sahani ya kaka yako?"

Shangazi alikuwa bado ananing'iniza mtego kwenye gauni. "Wifi, nilikuwa na hasira, nisamehe…"

"Sikugombezi. Rudia."

"Nilisema alikuwa anapakuliwa sahani ya watu wawili. Na ni kweli. Mimi nilimsema siku moja, nikamwambia, kaka, utapasuka. Akacheka. Akaniambia, 'Nusu si yangu. Nina panya wangu hapa nyumbani, asipokuta kitu ataniguguna mimi.'" Shangazi alimtazama Kengele, na mdomo ukaanza kumcheza. "Jamani. Ni wewe alikuwa anakusema."

"Mimi ndiye nilikuwa nikipakua," alisema Fundi. "Kila siku akinishika mkono. Ongeza, ongeza, Kengele atapita. Ulidhani ulikuwa unasawazisha hatujui? Alikuwa akirudi anafunua, anaona kishimo pembeni, anacheka peke yake. Ukikosa kudokoa alikuwa ananiuliza kama unaumwa."

Kengele alitikisa kichwa. "Lakini siku ile nilikula yote."

"Ulikula yote. Ndiyo. Ulikuwa na njaa, ukala chakula cha baba yako. Na mimi nilikuwa kwa mteja, kazi imeisha, nguo nimekabidhi, nikakaa napiga soga na kunywa chai. Saa nzima, mwanangu. Saa yako na saa yangu ni moja. Unajua kwa nini sikai mezani? Unadhani ni kazi?" Sauti ilimkatika, akalia kwa sauti, bila kujifunika, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya maziko, kwa sababu siku hiyo alikuwa na wageni.

Kengele alikuja akakaa sakafuni karibu naye. Shangazi akashindwa kujizuia akakaa pia, na mtego wake.

Baadaye Fundi alinyanyuka. "Niletee sketi," alisema.

Alichukua wembe, akaketi karibu na dirisha, akafumua. Mshono wa nne, wa tatu, wa pili, wa kwanza. Alifumua taratibu asijeruhi kitambaa, na kitambaa chote kilikuwepo, kimekunjwa ndani, hakikukatwa hata uzi mmoja. Akamvalisha. Sketi ikashuka mpaka nyongani, ikabidi waishike kwa pini kubwa.

"Hii ndiyo yako," alisema. "Sitaipunguza tena. Itapwaya, watu wataona, watanisema mimi. Waache wanione."

Jioni ile walikaa mezani. Fundi alisita, kisha akavuta stuli ya tatu, ya mumewe, akaikalia mwenyewe, na shangazi akachukua ile ya Fundi. Sahani zilikuwa tatu. Kengele alikula vijiko vitano kwa muda ambao chakula kilipashwa moto mara mbili. Kila kijiko alikitazama kwanza. Shangazi alikuwa amekalia viganja vyake vyote viwili asije akasema kitu.

*

Msidhani iliisha hapo. Wiki ya kwanza alipungua tena. Wiki ya tatu Kengele alirusha kijiko ukutani akasema anawachukia wote, na Fundi akaokota kijiko, akakiosha, akakirudisha, akakaa. Alhamisi walikwenda kwa mshauri, na huko Kengele aliongea, mama yake akisubiri kwenye benchi lile lile la aibu, akishona vifungo vya nguo za watu ili mikono isikae bure. Mtaani walisema. Walisema Fundi amefilisika akili, amekuwa mvivu, mtoto wake anatembea kama amevaa gunia. Wateja wawili walihamia kwa fundi mwingine.

Miezi mitano baadaye, Mama Haraka alikuwa juu ya stuli, gauni la ubatizo wa mtoto wa kaka yake likiwa limeshikwa kwa pini upande mmoja.

"Fundi, nikwambie kitu kama dada? Ile sketi ya mwanao bado inapwaya. Wewe fundi mzima! Ipunguze basi, dakika tano tu."

"Inamsubiri mwenyewe," alisema Fundi kwa pembe ya mdomo. "Kiunoni imebaki vidole viwili."

Mama Haraka alikuwa akiinama kutazama upindo pale sauti ilipotoka chumba cha ndani, sauti ya juu, kavu kidogo kwa kukaa muda mrefu bila kazi. Jirani wa ukuta mmoja aliisikia, na wa pili pia.

"Mama! Kimeiva! Njoo sasa hivi, mimi sikuwekei!"

Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja, akazirudisha kwenye kikopo.

"Fundi! Unakwenda wapi? Nina haraka mimi!"

"Kaa hapo hapo, dada yangu, usishuke, utachomwa," alisema Fundi, naye alikuwa tayari mlangoni. "Mwanangu ananiita nikale."